Kukuza bakteria wa filta kabla ya samaki: tangi jipya la maji baridi (yasiyo ya chumvi)

Tangi la samaki likijazwa maji leo, keshokutwa litakuwa angavu, na hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua samaki. Siku nne au tano baadaye samaki wanahema juu juu karibu na uso wa maji, mapezi wameyabana, chakula hawakigusi. Wiki ya pili nusu wamekufa na lawama zinamwendea muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Maji yale angavu yalijaa amonia, na amonia ya kiasi hicho haina rangi wala harufu. Kipimo peke yake ndicho kinachoiona.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukuza bakteria wanaokula amonia hiyo kabla hata samaki mmoja hajaingia. Ukianza bila mbegu, yaani bakteria waliokwisha kukua kwenye filta nyingine, kazi ni ya wiki nne hadi sita. Ukipata mbegu nzuri kutoka tangi la zamani, ni wiki moja hadi mbili. Vipimo vyote hapa ni vya tangi la lita 100. La kwako likiwa dogo au kubwa zaidi, gawa au zidisha.

Nani anafanya nini ndani ya filta

Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua, saa zote, hata asipokula. Chakula kilichobaki na majani yanayooza huongeza. Kundi la kwanza la bakteria, hasa Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa naitraiti. Naitraiti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, ndiyo maana samaki huhema kwa nguvu hata kama pampu ya hewa inafanya kazi vizuri. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, nawe unaitoa kwa kubadilisha maji.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kundi la pili ni Nitrobacter. Uchunguzi wa filta za matangi ya maji baridi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanaotawala humo ni jamii ya Nitrospira, na mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Jambo hili lina faida dukani: chupa ya bakteria wa maji baridi inayotaja Nitrobacter tu haifai fedha zako.

Mambo matatu kuhusu bakteria hawa yanaeleza karibu kila kosa linalotokea baadaye. Kwanza, wanaishi wamejishika kwenye vitu: sponji, mawe, changarawe, kuta za mabomba. Ndani ya maji yenyewe wamo wachache mno, kwa hiyo kubeba ndoo ya maji kutoka tangi la rafiki hakusaidii kitu. Pili, wanaongezeka polepole. Wakati bakteria wa uchafu wa kawaida hujigawa kila baada ya dakika ishirini au thelathini, hawa huhitaji saa nyingi, wakati mwingine siku nzima, kujigawa mara moja. Tatu, wanatumia oksijeni nyingi na baikaboneti nyingi. Vikipungua kimojawapo, husimama.

Vifaa

Filta ndiyo nyumba yao, basi anza nayo. Kwa lita 100, filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha, mradi sponji iwe kubwa. Mbili ndogo ni bora kuliko moja, kwa sababu utaweza kusafisha moja na kuiacha nyingine. Ukitumia filta ya kuning'inia au ya mkebe, ijaze vitu vyenye matundu mengi. Pete za kauri zinazouzwa madukani ni nzuri lakini ghali. Mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia miguu, hufanya kazi hiyohiyo: yanapatikana Naivasha, yanapatikana Rungwe, na huuzwa sokoni kwa bei ndogo. Yavunje vipande vya ukubwa wa njugu mawe, yaoshe mpaka maji yasiwe na vumbi, basi. Dodoki za plastiki za kusugulia sufuria pia zinafaa, zile za plastiki tupu. Usinunue za chuma, wala sponji ya vyombo iliyotiwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu.

Vingine vinavyohitajika:

- Vipimo vya matone vya amonia, naitraiti, naitreti na pH, yaani kiwango cha tindikali ya maji. Cha KH, yaani kiasi cha baikaboneti kwenye maji, kipate ukiweza. Vipimo vya vijikaratasi ni vya haraka, lakini vingi havina amonia, na hapa amonia ndiyo kazi yenyewe.
- Hita, kama unaishi penye baridi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar maji ya ndani ya nyumba hukaa nyuzi 26 hadi 29 bila msaada. Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya maji hushuka chini ya 20 usiku, na bakteria hupunguza kasi sana. Weka 27 au 28.
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yake, la kupimia dozi.
- Mizani midogo inayosoma sehemu za gramu.
- Dawa ya kuondoa klorini.
- Daftari.

Lita za tangi usizikisie kwa macho. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000: sm 80 × 35 × 36 ni lita 100 na ushei. Mawe na mchanga hupunguza, basi njia ya uhakika zaidi ni kuhesabu ndoo unapojaza.

Maji

Kabla ya yote, pima maji unayotaka kuyatumia: amonia, naitreti, pH, KH. Maji ya kisima mijini wakati mwingine huwa na naitreti nyingi kwa sababu ya vyoo vya shimo vilivyo karibu. Usipolijua hilo siku ya kwanza, utakuja kuona naitreti kwenye tangi ukadhani bakteria wameshafanya kazi.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi kuua bakteria. Yakikaa kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku pampu ya hewa inayachemsha mapovu, klorini ya kawaida huondoka. Kuna mitambo inayotumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Hapo tumia dawa. Sodiamu thayosalfeti ya fuwele, gramu 1 kwa lita 100, huondoa klorini ya kiwango cha kawaida cha bomba na kubakiza akiba kidogo.

Sasa KH, mahali ambapo watu wengi hawaangalii na ambapo kazi nyingi hufia. Bakteria wanapogeuza amonia hutengeneza tindikali, na baikaboneti ndiyo inayoizima. Kila dozi ya miligramu 2 za amonia kwa lita hula takriban theluthi mbili ya digrii moja ya KH. Dozi tatu, digrii mbili zimekwenda. Ukianza na maji ya mvua, maji ya chupa au maji laini ya milimani yenye KH 1 au 2, pH itaporomoka chini ya 6 katikati ya kazi na kila kitu kitasimama, nawe utabaki unaongeza chupa za bakteria bila kujua tatizo liko wapi.

Anza na KH isiyopungua 5. Ikiwa chini, tumia bekingi soda: gramu 3 kwa lita 100 hupandisha KH kwa digrii moja. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Iwe bekingi soda tupu, siyo bekingi poda, ambayo ina tindikali ndani yake. Njia nyingine ya polepole ni kuweka konzi mbili za makombe yaliyopondwa au vipande vya matumbawe yaliyokufa ndani ya filta. Huyeyuka kidogo kidogo kila maji yanapoelekea kwenye tindikali.

pH inayowafaa zaidi ni 7.5 hadi 8.5. Anayeandaa tangi la samaki wa Ziwa Nyasa au Ziwa Tanganyika, mbuna kwa mfano, tayari yuko huko. Lakini ajue kwamba kwenye maji ya namna hiyo amonia ni hatari zaidi kwa samaki. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 ni asilimia 5 hivi. Ikiwa 9 inapita asilimia 35. Kipimo kilekile cha amonia ambacho gapi wa maji ya pH 7 hupona nacho, humuua samaki wa Tanganyika. Kwa matangi hayo, kuandaa bakteria kabla ya samaki si jambo la hiari.

Amonia ya kuwalisha

Bakteria bila chakula hawazaliani. Kuacha tangi likizunguka tupu mwezi mzima, kama wengi wanavyoshauriwa, huzalisha karibu hakuna chochote. Lazima utie amonia.

Chanzo kizuri kuliko vyote ni amoniamu kloraidi, inayopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara za shule. Pima gramu 31.5, weka kwenye chupa, ongeza maji yaliyochujwa mpaka lita moja kamili, tikisa. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za amonia. Mililita 20 ndani ya lita 100 ni miligramu 2 kwa lita, na hiyo ndiyo dozi yetu. Bandika lebo kwenye chupa na iwe mbali na watoto.

Usipoipata, mbolea ya SA, yenye naitrojeni asilimia 21, ni amoniamu salfeti na inafanya kazi: gramu 39 kwa lita moja ya mchanganyiko, dozi ileile ya mililita 20. Chagua punje nyeupe zisizo na rangi wala vitu vilivyochanganywa. Urea usitumie, kipimo hakiioni mpaka ivunjike, kwa hiyo utaongeza na kuongeza, kisha amonia itapanda ghafla. CAN nayo ina naitreti tangu dukani, na itakuharibia usomaji. NPK ina mambo mengi mno.

Amonia ya maji ya kusafishia vioo: tikisa chupa kwa nguvu. Povu likikaa juu zaidi ya sekunde chache, ina sabuni, iache. Na amonia yoyote usiiweke pamoja na Jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Njia ya mwisho ni kamba mmoja mbichi wa ukubwa wa kidole gumba, ndani ya soksi ya nailoni, anaachwa aoze tangini. Inafaa, imetumika miaka mingi, ila inanuka, inachafua maji, na huwezi kujua amonia itafika wapi. Mwenye kipimo na mizani hana sababu ya kuitumia.

Hatua

1. Osha tangi na mchanga kwa maji tupu. Sabuni hapana. Panga mawe, jaza maji, ondoa klorini, washa filta, hita na pampu ya hewa. Acha taa zimezimwa. Mwanga wakati huu unalisha mwani tu.

2. Acha saa 24. Hakikisha joto limetulia, hakuna panapovuja, pH na KH ziko sawa.

3. Weka mbegu kama unayo (tazama chini). Tia mililita 20 za amonia. Saga punje tatu nne za chakula cha samaki kati ya vidole na uzinyunyize pia: bakteria wanahitaji fosforasi kidogo, na kwenye maji safi mno huikosa wakasimama bila sababu inayoonekana.

4. Baada ya saa moja pima amonia. Inapaswa kusoma karibu na 2. Ikisoma 4, ulikosea lita au mizani. Badilisha nusu ya maji. Ikipita 5 bakteria wenyewe huzuiwa na kile unachowalisha.

5. Pima kila siku ya pili, saa ileile, andika. Siku za kwanza hakuna kitakachobadilika. Wiki nzima, wakati mwingine siku kumi na nne, amonia itasoma 2 na naitraiti 0. Usiongeze kitu. Maji yakiwa meupe kama yametiwa tone la maziwa, hao ni bakteria wengine wanaokula uchafu. Wataondoka wenyewe ndani ya siku chache.

6. Siku naitraiti inapoonekana, hata 0.25, kundi la kwanza limeshika. Amonia itaanza kushuka. Ikifika chini ya 0.5, tia nusu dozi, mililita 10, na kuanzia hapo mililita 10 kila siku ya tatu.

7. Sasa linakuja bonde refu. Naitraiti itapanda mpaka rangi ya kipimo ivuke mwisho wa kadi. Hesabu yake ni hii: miligramu 1 ya amonia huzaa miligramu 2.7 za naitraiti. Anayeendelea kutia dozi kamili kila siku katika hatua hii hufikisha naitraiti 16 kwa dozi tatu tu, na kundi la pili, lililo dogo bado, linazidiwa. Kadi ikisoma 5 au zaidi, acha amonia. Ukitaka kujua kiasi halisi, changanya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu tisa za maji yaliyochujwa, pima, zidisha kwa kumi. Ikipita 10, badilisha nusu ya maji. Hupotezi bakteria, wako kwenye sponji.

8. Pima pH na KH kila wiki katika kipindi hiki, na KH ikishuka chini ya 3 ongeza bekingi soda gramu 6.

9. Naitraiti huporomoka ghafla. Leo 5, keshokutwa 0. Ukiona hivyo, rudi kwenye dozi kamili ya mililita 20, mara moja kwa siku, na pima baada ya saa 24.

10. Amonia 0 na naitraiti 0 baada ya saa 24 tangu dozi kamili, siku tatu mfululizo: filta iko tayari. Siku moja haitoshi.

Kuhusu kupima: kipimo cha naitreti hakiaminiki wakati naitraiti iko juu, kwa sababu huisoma nayo kama naitreti. Usikitumie kuamua chochote kabla ya hatua ya tisa. Chupa ya pili ya kipimo hicho ina unga unaotuama chini. Igonge na kuitikisa kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha, la sivyo utasoma 0 milele. Soma rangi kwa mwanga wa mchana karibu na dirisha, maana taa ya njano hugeuza kila kitu kijani. Na tazama tarehe ya mwisho kwenye chupa.

Mbegu

Hakuna kinachofupisha kazi kama kipande cha sponji kutoka kwenye filta yenye miezi kadhaa. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, kikiwekwa pembeni ya sponji mpya au ndani ya filta, kinatosha kuanzia. Ukikosa, kamulia sponji ya rafiki ndani ya tangi lako. Yale maji ya kahawia yanayotisha ndiyo mali.

Namna ya kubeba ndiyo inayowashinda wengi. Sponji iliyozamishwa kwenye mfuko wa maji uliofungwa hukosa oksijeni baada ya saa chache. Ibebe ikiwa imelowa tu, bila maji ya kuogelea, mfuko umejaa hewa, kivulini. Kwa namna hiyo inavumilia safari ya basi ya siku nzima. Ichukue kwenye tangi ambalo samaki wake ni wazima. Hata hivyo ugonjwa wa vidoa vyeupe ukija nayo, tangi lisilo na samaki kwa wiki tatu kwa nyuzi 28 hukifisha kimelea chake, na hiyo ni faida nyingine ya kukuza bakteria bila samaki.

Bakteria wa chupa husaidia ikiwa ni wa aina sahihi na wako hai. Hawa hawatengenezi mbegu ngumu za kulala kama bakteria wengine, kwa hiyo chupa iliyokaa kwenye kontena lenye joto bandarini, kisha miezi kwenye rafu ya dirishani, huenda ni maji tu. Chupa inayotaja Bacillus ni ya kula uchafu wa chini, si ya amonia. Poda za shimo la choo ni hivyo hivyo.

Inapokwama

Amonia imekaa palepale wiki tatu: pima pH kwanza, kabla ya kufikiria kitu kingine. Chini ya 6.5 kasi imeshuka, karibu na 6 imesimama. Badilisha nusu ya maji, rudisha KH. Kama pH ni nzuri, angalia joto la alfajiri, siyo la mchana. Kama na joto ni zuri, jiulize ulitia maji ya bomba bila dawa lini. Na kama tangi lilipakwa dawa ya antibayotiki au ya fangasi, au lilioshwa kwa Jiki likabaki na mabaki, badilisha maji yote, ondoa klorini, anza upya.

Naitraiti haishuki na wiki ya sita inaisha: badilisha maji asilimia 70, nyunyiza punje za chakula kwa ajili ya fosforasi, ongeza mapovu ya hewa, acha amonia siku nne. Kwa kawaida hufunguka.

Umeme ukikatika, filta ya sponji iliyo ndani ya tangi huvumilia kwa sababu imezungukwa na maji mengi. Filta ya mkebe ni sanduku lililofungwa: bakteria humaliza oksijeni iliyomo ndani ya saa chache, kisha wanaanza kufa na maji yaliyobaki humo kuoza. Umeme ukiondoka zaidi ya saa mbili au tatu, fungua mkebe, toa mawe na sponji, viweke kwenye beseni la kina kifupi vikiwa vimelowa. Ukirudi baada ya usiku mzima, usiwashe filta hiyo moja kwa moja. Maji yake ya ndani yamwage kwanza, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei rahisi kuliko samaki wawili, na penye mgao wa umeme ni kifaa cha lazima.

Siku ya samaki

Naitreti itakuwa juu sana sasa, pengine zaidi ya 100. Badilisha maji asilimia 80 hadi 90, yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana, mpaka naitreti isome 20 au chini. Samaki waingie siku hiyohiyo au kesho yake. Wakichelewa, endelea kutia mililita 10 kila siku ya pili, na badilisha maji tena kabla hawajaingia.

Filta inayomaliza miligramu 2 kwa lita kwa siku katika lita 100 inamaliza miligramu 200. Gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 35 huzaa miligramu 30 hadi 40. Ina maana filta yako inabeba chakula cha gramu tano kwa siku, zaidi ya mahitaji ya idadi yoyote ya busara ya samaki wadogo katika tangi hili. Ndiyo maana unaweza kuingiza kundi zima kwa mara moja. Kwa samaki wagomvi wa maziwa yetu hili lina uzito: wakiingia pamoja hakuna mwenye eneo bado, ugomvi unagawanyika. Ukiwaingiza wawili wawili kila wiki, waliotangulia huwaua wageni.

Kama samaki wameshaingia

Wengine wanasoma haya wakiwa tayari wana samaki kwenye tangi jipya. Usimtoe mtu, usiongeze mtu. Amonia usitie kabisa. Samaki wanaitoa wenyewe. Pima amonia na naitraiti kila siku, jumlisha namba mbili hizo, zikifika 0.5, badilisha nusu ya maji siku hiyo, hata kama ni kila siku. Lisha kidogo, kila siku ya pili, kile wanachomaliza ndani ya dakika moja.

Naitraiti ikionekana, tia chumvi ya kawaida ya jikoni gramu 10 kwa lita 100. Kloraidi ya chumvi hushindana na naitraiti kwenye matamvua na kuizuia kuingia kwenye damu. Kila ukibadilisha nusu ya maji, rudisha gramu 5. Kiasi hicho samaki wengi hawakihisi, na mimea ya maji pia huvumilia. Mimea inayokua haraka inayoelea, yenyewe hula amonia moja kwa moja, basi jaza kadiri unavyoweza.

Baada ya hapo

Pima kila siku ya pili kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa wiki. Badilisha robo ya maji kila wiki, yakiwa yameondolewa klorini kabla hayajaingia, siyo baada.

Filta isafishwe pale tu mtiririko unapopungua, kwa ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Kamua sponji mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado ya kahawia. Kuiosha chini ya bomba mpaka iwe nyeupe ni kuanza wiki sita upya huku samaki wakiwa ndani. Sponji ikichakaa, weka mpya kando yake, ziache pamoja mwezi mmoja, ndipo uitoe ya zamani. Maganda ya filta (katriji) ambayo kiwanda kinaagiza yatupwe kila mwezi yana bakteria wako wote; kata sponji ipachikwe nyuma ya ganda, ibaki humo daima, na ganda jipya uliweke bila kuigusa.